Kabati la Mzee Masalu

Siku ya kugawa vitu vya marehemu mzee Masalu, gari lilisahaulika. Wazee wa ukoo walikaa tangu asubuhi. Wakamaliza ng'ombe, wakamaliza mashamba ya pamba na majaruba ya mpunga, wakagawa plau, redio, koti la mvua, hata kile kiti cha kukunja alichozoea kukalia marehemu. Walikuwa wameshaanza kunawa mikono wale ugali, ndipo mmoja wao akamwona kuku akichomoza kwenye dirisha la gari, analia kutangaza yai lake.

"Na lile Kabati je?" akauliza.

Wakacheka, hakuna aliyeweza kujizuia. Kabati ndilo jina ambalo kijiji kizima, na hata watu wa Bariadi mjini waliowahi kufika pale, walilipatia gari la mzee Masalu. Lilikuwa Landrova, lakini Landrova zote walizozijua watu, za misheni, za polisi, za bwana shamba, zilikuwa bati tupu. Hili lake lilikuwa na mbao: nguzo za mbao, fremu za milango za mbao, dari iliyoshikiliwa na mbao. Zamani bati la alumini lilizifunika kwa nje, ila miaka ile ya vita vya Uganda, sufuria zilipokuwa adimu, watu walibandua bati la ubavuni wakaenda kuliyeyusha, mbao zikabaki wazi kama mbavu. Mzee alilipata kwa mzungu mmoja, bwana pamba, ambaye yeye mzee alimwendeshea kwa miaka tisa. Mzungu huyo alipoondoka, mwaka mmoja baada ya uhuru, alimwachia gari na karatasi zake. Lilitembea hadi mwaka wa sabini na tisa, likasimama nyuma ya zizi, halikutoka tena.

Mzee hakulitupa. Kila mwaka, mvua za kwanza zikikaribia, alichukua kopo la oili chafu na tambara, akapaka mbao zote, moja moja, ili mchwa wasiingie. Mwaka baada ya mwaka zikawa nyeusi kama chungu. Na kila aliyempita akiwa kwenye kazi hiyo mzee alimwambia neno lile lile: "Hili halina wenzake." Nao walimjibu: "Kweli mzee, wenzake wote wanatembea."

Basi siku ile ya kugawa, mzee Mahona, mdogo wake marehemu, alikohoa akasema kaka yake alimwachia usia juu ya gari. Gari ni la binti yake, Apolonia. Kicheko kikarudi, kikubwa kuliko cha kwanza, na Apolonia alikisikia akiwa jikoni, anasonga ugali wa wageni, mwanawe Felisita amelala mgongoni.

Apolonia alikuwa na miaka ishirini na minne. Aliolewa Lalago, akarudi. Huko kurudi ndiko kulikoleta maneno, kwa sababu mke akirudi, ng'ombe nao hurudi. Ng'ombe kumi na mmoja wa mahari yake walipaswa kupelekwa Lalago, na aliyewaswaga siku mbili nzima juani alikuwa kaka yake, Masunga. Masunga hakumtukana wala hakumfukuza. Aliacha tu kumsemesha. Akiwa na neno alilipitisha kwa mkewe Nyanjige, hata kama Apolonia amesimama pale pale: "Mwambie mwanafunzi mbuzi wameingia kwenye mihogo." Alimwita mwanafunzi kwa vile alikuwa akienda masomo ya jioni mjini, na mtoto mgongoni.

Mbele ya wazee Masunga alisema hana ugomvi na kabati la mtu. Ila chama cha msingi cha wakulima kimekufa, lori la chama halifiki tena kijijini. Wanunuzi wapya, hao wa makampuni, wanaweka mizani barabarani, na mwenye mkokoteni ndiye anayewahi. Yeye anao ng'ombe wa kuvuta. Anachokosa ni ekseli, chuma cha kubeba magurudumu. Na ekseli ipo pale chini ya Kabati, inaliwa na kutu. Wazee wakaona ana haki. Wakakubaliana kwamba msimu wa pamba ukiisha na Apolonia hajapata la kufanya na gari lake, Masunga atakata ekseli.

Usiku huo Apolonia alilala kwenye chumba chake, ambacho hakikuwa chumba ila nusu ya stoo ya mahindi, akawaza. Alimjua baba yake. Alikuwa mtu wa kusahau, mtu wa kusinzia katikati ya mazungumzo, lakini hakuwa mtu wa kubuni. Kama alisema halina wenzake, kuna mahali alilisikia neno hilo. Na kama ni kweli, mtu wa kulinunua yupo duniani, na yeye angepata kiwanja Bariadi mjini, vyumba viwili vya tofali, mlango wake mwenyewe wa kufunga na kufungua, na Felisita angesoma shule iliyo ng'ambo ya barabara. Kama si kweli, basi baba yake alikuwa kichekesho kwa miaka kumi na saba, na yeye atabaki yule aliyerudi, mpaka azeekee katikati ya magunia ya watu wengine.

*

Mwalimu Januarius aliyewafundisha Kiingereza jioni alikuwa na boksi la magazeti ya zamani aliyopewa na misheni ilipokuwa inasafisha gereji yake. Kila mwanafunzi alichota moja, akasoma ukurasa, akaeleza alichoelewa. Jioni moja ya Februari, mwaka wa tisini na sita, Apolonia alifungua gazeti la magari, na katika ukurasa wa kumi na tisa akaliona Kabati.

Lilikuwa safi, linang'aa, limesimama kwenye majani mabichi ya Ulaya, na mzungu ameegemea mlango wake. Lakini lilikuwa lenyewe. Kioo cha mbele kilikuwa kimoja kizima badala ya vipande viwili, kifuniko cha tairi kilikaa juu ya boneti kama sinia lililogeuzwa, na kwenye mlango uliofunguliwa zilionekana mbao. Apolonia alisoma maneno ya chini ya picha mara tatu. Kisha akamwomba mwalimu amsomee, asije akawa anasoma anachokitaka. Mwalimu akasoma: Landrova za kwanza kabisa zenye bodi la abiria, fremu zake za mbao, zilitengenezwa miaka michache tu baada ya vita kuu, hazikufika mia saba, na nyingi zilipelekwa nchi za nje zikapotelea huko. Chini kulikuwa na anwani ya chama cha wenye magari ya aina hiyo, Uingereza.

"Huko nje ndiko huku," alisema Mwalimu Januarius, akavua miwani. "Andika barua, mayu. Nitakusahihishia."

Aliandika. Barua ikaenda, Machi ikapita, palizi ikaanza na kwisha, na Mei jibu likaja, limeandikwa kwa mashine na mzee mmoja aitwaye Bwana Whitlock. Lilikuwa la adabu lakini la wasiwasi. Alisema kila mwaka hupata barua za namna hii, na karibu zote ni za magari ya baadaye yaliyotengenezwa viraka na mafundi wa mitaani. Akauliza maswali, akaomba yajibiwe kwa kuangalia, si kwa kukumbuka.

Jumapili baada ya misa Apolonia aliwatoa kuku garini, akafunga khanga kiunoni, akaingia. Alifanya kazi hiyo siku nzima, na Felisita, aliyekuwa na miaka mitatu, alikaa kwenye usukani akipeleka abiria Mwanza. Viti vya nyuma vinatazamana au vinatazama mbele? Vinatazamana, vinne, vya kukunja. Taa ziko wapi? Zimechungulia kwenye tundu za wavu wa mbele. Dari ina mbao ngapi za kukingama? Alizihesabu kwa kuzigusa. Halafu swali la mbao zenyewe: ni za mti gani? Hapo alitafuta mahali palipofichika, chini ya kiti cha dereva, akakwangua kwa msumari. Chini ya weusi wa oili ubao ulikuwa mweupe kama muhogo uliomenywa, na nyuzi zake zilikwenda moja kwa moja, ndefu. Haukuwa mti wa Usukumani. Akaweka unga wake kidogo kwenye karatasi, akakunja, aupeleke kama ulivyo.

Swali la mwisho lilikuwa la namba. Alilala chali kwenye sakafu, kichwa kikiwa pale inapokaa miguu ya dereva, akaanza kusugua kwa mafuta ya taa. Kinyesi cha kuku kilitoka, oili iliyoganda ikatoka, na polepole bamba dogo la shaba likajitokeza, lina maandishi ya Kiingereza na namba zilizogongwa kwa mkono, moja imekaa upande. Hakuwa na kamera. Aliweka ukurasa wa daftari juu ya bamba akapitisha penseli huku na huku, kama watoto wanavyofanya na sarafu, namba zikachomoza kwenye karatasi, nyeupe katika kijivu. Alipozitazama, machozi yalimtoka. Hakujua zina maana gani. Aliona tu kwamba baba yake alikuwa na kitu chenye namba, kitu ambacho mahali fulani kiliandikwa kwenye kitabu.

Masunga alipita na ng'ombe, akasimama, akatazama miguu ya dada yake imetokeza mlangoni.

"Nyanjige," akaita kwa sauti, ingawa mkewe alikuwa mbali kisimani, "mwambie mwanafunzi mtu aliyesoma anajua kutofautisha mali na kuni."

*

Barua ya pili ilifika Septemba mwishoni. Wanunuzi walikuwa wanafunga mizani, na Masunga alishaazima msumeno wa chuma, ameutundika kwenye mti nje, kila mtu auone. Apolonia aliifungua barua posta, akiwa amesimama, akaisoma yote, akaenda kukaa kwenye ngazi akaisoma tena.

Jioni ile alimwomba baba yake mdogo, mzee Mahona, aje. Wakakaa uani: mzee Mahona, Masunga, Nyanjige na watoto. Apolonia akasoma kwa Kiingereza sentensi moja moja, kisha akaisema kwa Kisukuma. Namba imeangaliwa kwenye vitabu. Gari lilitoka kiwandani mwaka wa arobaini na tisa, likapelekwa Tanganyika kwa meli. Unga wa mbao umetazamwa, ni mbao za kiwandani zenyewe. Bwana Whitlock anajua magari kama hili yaliyobaki duniani, yanahesabika, na mengi yameshabadilishwa mbao. Hajawahi kusikia lingine Afrika Mashariki lenye mbao zake zote. Anakuja Serengeti kutalii Desemba. Akiruhusiwa atapitia Bariadi alione kwa macho, na likiwa kama linavyoelezwa, yeye au chama chake watalinunua, na bei haitakuwa ya chuma chakavu.

Hakuna aliyecheka. Mzee Mahona alishika paji la uso akasema jina la kaka yake. Na Masunga, aliyekuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, aliinamisha kichwa kama mtu anayenyolewa.

"Apolonia," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka miwili. "Hebu soma tena hapo kwenye Tanganyika."

Akasoma tena. Lakini kulikuwa na sentensi chini ya hapo, kabla ya salamu. Bwana Whitlock alikuwa ameipigia mstari. Alisema gari lisiguswe. Lisipakwe rangi, lisinyooshwe bati, na usibadilishwe ubao hata mmoja, hata uliooza, maana ubao uliooza wa kiwandani ni mali na ubao mpya si kitu. Apolonia aliifikia, akaitazama, akamtazama kaka yake. Aliisikia itakavyosikika kwa Kisukuma, pale uani: mzungu anataka mbao mbovu. Aliusikia ule mzaha wa mali na kuni ukirudi, na uso ule uliokuwa umemgeukia baada ya miaka miwili ukigeuka tena. Akakunja barua. "Anawasalimu wote," akasema.

Alijiambia atamweleza kesho. Kesho yake Masunga mwenyewe aliurudisha msumeno kwa aliyemwazima, anapiga mluzi. Akajiambia atamweleza wiki ijayo. Na baadaye alijiambia kwamba tangu lisimame hakuna mtu aliyeligusa gari lile isipokuwa marehemu na kuku, nani ataligusa leo?

*

Novemba Apolonia alikwenda Maswa kufanya mtihani wa kidato cha nne, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Alifikia kwa shangazi yake Veronica kule Binza, mwenye duka dogo la chumvi na sabuni, na kwa wiki tatu alikuwa mtu mwingine. Aliamka, akaoga, akampa Felisita uji, akamwacha kwa shangazi, akaenda kukaa kwenye dawati lenye namba yake. Jioni alihesabu: mtihani, Desemba, kiwanja. Alikwishajua hata pazia la dirisha litakuwa la rangi gani. Shangazi alimwambia amenenepa uso. Hakuwa amenenepa, alikuwa anacheka tu.

Aliporudi ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, mvua imekatika na ardhi inanukia. Alisikia nyimbo kabla ya kuona. Walikuwa vijana wa kikundi cha kulima, wale wanaolima shamba la kila mtu kwa zamu huku wanaimba na kuchezesha majembe, na ambao Novemba hawapatikani hata kwa ng'ombe. Walikuwa wamekaa uani kwa Masunga, ishirini na zaidi, wanakula. Nyanjige alimkimbilia, akampokea mtoto, akacheka, akamfunika Apolonia macho kwa kiganja kutoka nyuma, akamwongoza hivyo hivyo mpaka nyuma ya zizi.

Alipoondoa kiganja, Apolonia aliona gari jipya.

Lilikuwa la kijani, rangi ile ya kupaka milango, bado bichi. Ubavuni palipokuwa wazi palikuwa pamezibwa kwa bati jipya lililopigwa misumari safi, safu zilizonyooka. Na ndani, kila nguzo, kila fremu, kila ubao wa dari ulikuwa wa mninga, mwekundu, umepigwa randa ukalainika, umepakwa vanishi. Masunga alisimama pembeni, mikono imejaa rangi, anajitahidi asitabasamu kabla ya wakati.

"Mgeni hafikii nyumba mbovu, dada," akasema. "Nimekaa nikajiuliza, huyu mtu anatoka Ulaya kuja kutazama kitu cha baba yetu, aone tumekitunza hivi? Nikawaita vijana. Siku nne. Fundi Joakim ameacha kazi ya kanisa akaja."

Apolonia aliujua ule mninga. Masunga aliununua msimu uliopita kwa pamba yake, akauweka juu ya dari ukauke, uwe milango na madirisha ya nyumba yake mpya ya tofali. Alikuwa akiupandia ngazi kila mwezi kuugeuza. Sasa aligeuka kuitazama nyumba ile mpya, akaona penye milango yametundikwa magunia ya pamba.

"Zile za zamani ziko wapi, kaka?" akauliza. Sauti ilitoka vizuri tu, akaishangaa.

Nyanjige ndiye aliyejibu, mtoto wa wifi yake kiunoni, uso unang'aa. "We acha tu. Zile na oili yote ile! Sijawahi kupika kwa haraka hivyo. Ugali wa watu ishirini na watano, siku nne, na maharage juu. Sikwenda kuni hata mara moja."

Vijana walianza wimbo mwingine. Walimtia Masunga humo, na Kabati, na mzungu anayepanda ndege kuja kupiga magoti nyuma ya zizi. Apolonia alikwenda jikoni, akachutama mbele ya mafiga. Majivu yalikuwa mengi, laini, ya kijivu cheupe kuliko majivu ya kuni za kawaida. Akaingiza mkono mpaka kwenye kifundo, akatafuta. Akakuta msumari mmoja mrefu wa skrubu, bado una joto. Nyanjige aliingia kutafuta mwiko, akamwona amechutama, akadhani analia kwa furaha, naye akalia kidogo.

Siku zilizofuata hakulala sawasawa. Mara mbili alikwenda kumwambia. Mara ya kwanza alimkuta Masunga amesimama mlangoni kwake anafunga gunia kwa kamba upya, mvua ya usiku imeingia ndani, watoto wametandikiwa upande mwingine. "Haidhuru," alimwambia kabla hajafungua mdomo, "milango itapatikana. Mgeni kwanza." Mara ya pili alianza kabisa, akasema, "Kaka, ile barua," na Masunga akamkatiza akamwomba amfundishe kwa Kiingereza jinsi ya kusema karibu nyumbani. Walikaa hapo wakafanya mazoezi, yule mwanamume mkubwa na mikono yake ya plau, mpaka akaweza.

*

Bwana Whitlock alifika tarehe kumi Desemba na gari la kukodi kutoka Mwanza. Dereva wake alilala chini ya gari hilo kukaza springi, asitoke huko mpaka mwisho. Mgeni alikuwa mzee mrefu, kofia mkononi, goti moja halikunji vizuri. Masunga alimwambia karibu nyumbani kwa Kiingereza, vizuri, bila kukosea, na mgeni akamshika mkono kwa mikono yote miwili.

Kisha akaliona gari. Alilizunguka mara moja, polepole, akifuata ubavu kwa kidole bila kuugusa. Akatoa tochi, akalala chini pamoja na goti lake lile, akatazama chasisi. Akaingia ndani, akasoma bamba la shaba, akatoa mfukoni karatasi ya daftari yenye penseli ya kijivu, akalinganisha. Akaweka kiganja kwenye nguzo ya mninga. Akaunusa mkono wake.

"Mbao zilikuwapo," alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akimtazama Apolonia. "Uliniletea unga wake. Ziko wapi?"

Apolonia alimwambia. Hakujua neno la mafiga, akasema jikoni, moto, chakula cha waliofanya kazi.

Mzee alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Alisema chasisi kama hii zipo, injini zipo, angeweza kumwonyesha hata hamsini. Kilichokuwa hakina mwenzake ni zile mbao. Kisha akauliza kama barua yake ya pili ilimfikia.

"Ilinifikia," alisema Apolonia.

"Yote? Uliisoma yote?"

"Niliisoma yote."

Mgeni alitikisa kichwa taratibu, akatazama mahali pengine, kwenye ng'ombe. Hakumlaumu, na Apolonia angependa amlaumu. Baadaye, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye adabu, alipitisha tena mkono kwenye maungio ya fundi Joakim, akasema ni kazi nzuri sana, ya mtu anayejua. Akala kuku aliyechinjiwa. Akapiga picha moja ya familia nzima mbele ya gari la kijani, Masunga akiwa ameshika kioo cha pembeni kama anayemshika mtoto bega. Kabla ya saa tisa alikuwa ameondoka.

Vumbi halijatulia, Masunga akamgeukia.

"Amesemaje?"

Wote walikuwa wamesimama: Nyanjige, watoto, mzee Mahona na fimbo yake. Magunia yalikuwa yanapepea kwenye milango ya nyumba mpya.

"Amesema baba alisema kweli," Apolonia akajibu.

Mzee Mahona alifumba macho. Masunga alipumua kwa nguvu. "Na mbao zetu?"

"Amezisifu. Amesema aliyezifanya anajua kazi."

"Mimi nilijua," akasema Masunga, akampiga Nyanjige begani kidogo. "Nilikuambia au sikukuambia? Sasa atalinunua lini?"

"Yeye hatalinunua, kaka."

Alisubiri aulize kwa nini. Alikuwa ameshaamua kwamba akiuliza atamwambia yote, pale pale, mbele ya wote, na liwe litakalokuwa. Lakini Masunga hakuuliza. Alitazama barabara iliyokuwa tupu, akakuna kidevu chenye rangi ya kijani iliyokauka, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza yeye.

"Usihuzunike, dada. Yule ni mzee, labda pesa hana. Wazungu hawaishi. Tutapata mwingine."

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja tena ekseli. Mkokoteni haukutengenezwa. Jumapili baada ya misa Masunga alichota maji ndoo mbili akaosha gari, kuku alipolisogelea alimtupia bua, na wapita njia alipowaeleza kwamba halina wenzake duniani, hawakumcheka, maana lilikuwa linang'aa na mzungu alilipigia magoti. Apolonia alimtazama akiwa mlangoni mwa stoo ya mahindi, Felisita amekaa miguuni pake. Januari yote mvua ilinyesha, na magunia ya milangoni yaliota ukungu.

Mwishoni mwa mwezi Masunga alikuja na karatasi mbili mpya na bahasha ya ndege, amezinunua mwenyewe mjini. Akageuza debe akakaa, akamwekea karatasi mezani.

"Waandikie wale wa chama chenyewe," akasema. "Siyo yule mzee, wenyewe wakubwa. Anza na salamu. Waambie ni la mwaka wa arobaini na tisa, namba weka. Umeweka?"

"Nimeweka."

"Waambie baba yetu alilitunza, na sisi tumelitunza." Alifikiri, akaangalia juu kwenye mabati. Kisha akainama kuelekea karatasi, kwa sauti ya mtu aliyekumbuka jambo kubwa kuliko yote. "Halafu hapo andika vizuri, wasije wakadhani ni gari chakavu. Waambie tumebadilisha mbao zote. Hakuna hata moja ya zamani."

Apolonia alishika kalamu. Mtoto alikuwa amesinzia akiegemea goti lake, mzito, wa moto. Akatafuta Kiingereza chake, na sentensi ile ikaja yenyewe, fupi, bila kosa. Akaiandika.

"Isome niisikie," akasema Masunga.

Akamsomea.